Barabara Niliyoifagia

Majina nayakumbuka yote. Watu wa hapa Karatu wanajua, mtu akitaka kufahamu babu wa fulani aliitwa nani, au nani alizaliwa mwaka upi wa njaa, anaelekezwa kwangu. Lakini humu sitaandika jina la mtu hata mmoja. Baadhi ya ninaowasema wamelala chini, na watoto wao wanapita mbele ya geti langu kila siku kwenda shamba. Sitaki wakutane na baba yao kwenye daftari langu bila kupigiwa hodi.

Mume wangu alikuwa dereva wa kupeleka wageni kreta, kule bondeni kwenye wanyama. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliicheka. Kila asubuhi, kabla hajashusha Landrova yake kwenye ile barabara ya mteremko, alisimama juu, akashuka, akavua kiatu cha mguu wa kulia, akakanyaga udongo kwa kisigino na kukizungusha kidogo, kama mtu anayezima kipande cha sigara. Kisigino kikishika, alivaa kiatu na kuendelea. Kikiteleza, alisubiri jua lipande, au alishuka kwa gia nzito, polepole, wageni wakinung'unika huko nyuma. Wageni walidhani ni mambo ya dini. Yeye hakuwaeleza.

Hakukaa kunifundisha. Tulipokuwa tukitembea kwenda kanisani wakati wa mvua, alikuwa akiniambia, "Hapa panashika. Hapa utaanguka." Mimi nabisha, naanguka. Miaka ilivyokwenda nikaacha kubisha, kisha mguu wangu ukajua wenyewe. Nimeishia darasa la nne, lakini kwa udongo wa huku sihitaji kuulizwa mara mbili.

Nyumba yangu iko kando ya barabara ya udongo inayoacha lami na kupanda kwenye mashamba, upande wa Oldeani. Mbele ya geti barabara imenyooka. Ukiteremka kidogo unakuta kona iliyopinda kuzunguka korongo, na korongo lenyewe ni refu kwenda chini, mvua za miaka mingi zimelichimba. Kiangazi, barabara ile inafunikwa na vumbi jekundu laini kama unga. Chini ya vumbi, udongo ni mgumu kama saruji. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotaka kutuua.

Nina wajukuu wawili, watoto wa mwanangu wa tatu, kaka na dada. Kaka ni dereva wa wageni kama babu yake, mtu mzima mwenye mke na watoto. Dada amesoma uhandisi Dar es Salaam. Yule kaka ananiita mke wangu, nami namwita mume wangu, ndiyo utani wetu. Dada yake namwita mke mwenzangu, maana babu yake alimpenda kuliko mimi.

Mwaka huu yule kaka na mafundi wenzake walifufua gari kuukuu wakaliandikisha kwenye mashindano ya magari ya hapa kwetu. Njia ni mzunguko mmoja, unaanzia uwanjani, unapita mashamba, unapita mbele ya geti langu, unazunguka korongo na kurudi. Kila gari linakimbia peke yake, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Dada alikuja likizo kumsaidia. Siku ya kwanza alikaa barazani kwangu na kompyuta mapajani, akaniita.

"Bibi, njoo uone barabara yako."

Nikaona mstari mweupe umejipinda kama utumbo wa mbuzi, na juu yake kidoa chekundu kinakimbia.

"Hilo ni gari la kaka," akasema. "Hapa linakimbia kabla halijakimbia. Nimeliwekea uzito wake, nguvu ya injini, na upana wa kila kona. Kompyuta inaniambia apite wapi kwa mwendo gani, na mzunguko mzima utamchukua dakika ngapi."

"Na tairi?"

Akanitazama kama mtu aliyeguswa mahali panapouma. "Hapo ndipo penye kazi. Hayo mengine yote nimeyapima au nimeyakuta yameandikwa. Mshiko wa tairi kwenye udongo wetu haujaandikwa popote. Vitabu vina lami, vina changarawe za Ulaya. Wa kwetu ni lazima niukadirie."

"Ukikosea?"

"Nikiukadiria mdogo, kaka ataendesha kwa woga na atashindwa. Nikiukadiria mkubwa..."

Kaka yake alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Akamalizia kutoka kule kule, "Akiukadiria mkubwa, wewe mke wangu utakuwa mjane mara ya pili."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka wote watatu.

Basi akanieleza atakavyopima. Fundi wa kuchomelea aliwatengenezea fremu ya chuma inayobeba tairi mbili za lile gari, zimesimama kama kawaida lakini zimefungwa zisizunguke. Juu ya fremu unaweka mzigo. Mbele unafunga mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, kisha unaikokota taratibu na kusoma mizani tairi zinapoanza kuburuzika. Kama mzigo wote ni kilo mia, na mizani inasoma sitini, basi mshiko ni sitini kwa mia. Nilielewa mara moja. Ni kisigino cha mume wangu, ila kimepewa namba.

Alitaka kupima pale kwenye kona ya korongo, lakini malori ya mahindi yalikuwa yanapita mfululizo, na pale konani dereva hakuoni mpaka akufikie. Akasema, "Bibi, udongo wa mbele ya geti lako si ndio huo huo wa kwenye kona?"

Nikasema, "Ndio huo huo." Na kweli ulikuwa huo huo.

Siku ya kupima niliamka mapema kama siku zote. Yule dada alikuwa anakuja na mwenzake aliyesoma naye, na mafundi, na pengine majirani wangesogea kutazama. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hapitishwi juu ya uchafu. Nikachukua ufagio wa vijiti nikafagia uwanja. Nilipomaliza uwanja nikaona barabara mbele ya geti imejaa vumbi, mavi ya ng'ombe na majani ya mahindi yaliyodondoka kwenye malori. Nikasema moyoni, hapa ndipo watakapoinama na vyombo vyao, wakae kwenye uchafu huu? Nikafagia barabara. Nilifagia kipande kizima, kutoka geti hadi mti wa mwisho wa ua wangu, na vumbi lote nikalisukumia mtaroni. Kisha nikanyunyiza maji kidogo, yakakauka kabla hawajafika. Barabara ikawa inang'aa kama sakafu.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye ulimi, alipita na ndoo yake.

"Leo umehamia barabarani?" akaniuliza. "Kesho utaipiga deki?"

"Wewe pita," nikamwambia. "Wa kwako hawajasoma, kwa hiyo huna wa kumfagilia."

"Wa kwangu wanajua kupita kwenye vumbi," akasema, akaenda zake.

Wakaja. Tukapakia mahindi yangu kwenye fremu, tukawa tunapunguza kwa kopo mpaka mzigo, pamoja na fremu na tairi, ukawa kilo mia kamili. Aliyekokota ni punda wangu. Mwanzoni alivuta kwa kushtuka, mizani ikaruka, mjukuu wangu akakataa namba ile. Nikamshika punda masikio, nikamwongoza mwenyewe, hatua kwa hatua. Tulirudia mara nyingi, kwenda na kurudi. Mizani ilikuwa inasoma sabini, sitini na tisa, sabini na moja.

"Sabini," mjukuu wangu akasema. "Safi kuliko nilivyotegemea." Akanipiga picha nikiwa na punda, akaituma kwa rafiki zake, akaandika kwamba bibi yake ndiye mtaalamu wa mshiko.

Niliona fahari. Sitaficha. Kwa umri wangu hakuna anayekupiga picha kwa kazi uliyofanya, wanakupiga kwa sababu wanahofia hutakuwepo mwakani.

Kesho yake alasiri aliniita tena kwenye kompyuta. Kidoa chekundu kilikimbia mzunguko wote, na kando yake kulikuwa na namba ya mwendo inayopanda na kushuka. Kilipofika kona ya korongo, akakisimamisha.

"Themanini," akasema. "Kona hii wote wanaiogopa. Kaka akiipita kwa themanini, hakuna atakayemshika."

Kaka akapiga mluzi. "Themanini pale?"

"Mshiko unaruhusu. Kesho asubuhi jaribu. Ukikanyaga breki mahali nilipoweka alama, gari litakaa."

"Haya. Kompyuta imesema, mimi ni nani."

Nilikwenda kumrudisha punda aliyekuwa amefungwa ng'ambo ya korongo, na njia yangu ilipita kwenye ile kona. Sijui kwa nini nilivua ndala. Labda ni kwa kuwa siku nzima nilikuwa nimesikia mshiko, mshiko. Nikakanyaga kwa kisigino, nikakizungusha. Kikaondoka. Vumbi lilibingirika chini yake kama mtama juu ya meza, na mimi nikajishika kwenye ukingo nisianguke.

Nikarudi hadi mbele ya geti langu nikafanya vile vile. Kikashika.

Udongo ule ule. Nikatazama chini nikaona mistari ya ufagio wangu, pembeni ambako malori hayakuifuta.

Niseme sasa jambo la mume wangu, maana bila hilo hutaelewa kwa nini usiku ule sikupata usingizi.

Kulikuwa na asubuhi moja ya manyunyu, miaka mingi sasa. Yalikuwa magari mawili, lake na la rafiki yake, dereva mwenzake aliyeanza naye kazi. Mume wangu alisimama juu kama kawaida akavua kiatu. Kisigino kikashika. Lakini alipotazama chini aliona kwamba greda lilikuwa limepita jana yake, na kule kwenye kona udongo ulikuwa umetifuliwa na kulala juu bila kushikana. Pale juu aliposimama, greda lilikuwa halijafika. Alijua kwamba alichokipima si kile watakachokikanyaga. Akataka kusema. Rafiki yake alikuwa tayari amewasha injini, akamtania, "Mchungaji, maliza sala zako twende." Wenzake wakacheka, wageni wakacheka ingawa hawakuelewa. Mume wangu akavaa kiatu akanyamaza. Rafiki yake akatangulia. Katika kona ya tatu gari lake lilikwenda moja kwa moja, kama vile kona haikuwepo.

Aliyenieleza haya ni mume wangu mwenyewe, mara moja tu, jikoni, akiwa ameshika kikombe cha uji ambacho hakukinywa. Alisema, "Nilijua, nikanyamaza." Hakusema tena mpaka alipokufa. Aliendelea kuvua kiatu kila asubuhi, lakini tangu siku ile akawa anateremka kwa miguu mpaka kwenye kona ya kwanza, akapime kule kule.

Basi jioni ile wajukuu wangu walikula kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa nao, nikiwa na neno mdomoni. Mara mbili nilifungua kinywa. Mara ya kwanza dada akanionyesha simu, watu wa Dar es Salaam wameandika kwamba bibi huyu apewe kazi chuo kikuu. Mara ya pili kaka akasema, "Mke wangu amechoka, mwacheni." Nikawaza, mimi wa darasa la nne nitaiambia nini kompyuta? Nikawaza pia aibu. Watu wazima walikuja na vyombo vyao, na mimi nimewaharibia kipimo kwa ufagio, kama mtu aliyepanguza ubao mwalimu hajamaliza. Wakaaga wakaenda zao mjini. Nikanyamaza. Nikawa nimefanya lile lile.

Asubuhi nilipiga simu ya kaka, haikupokelewa. Ya dada, haikupokelewa. Nikajua wameshafika uwanjani, kuna kelele. Nikafunga kitenge nikatembea. Ni mbali kwa magoti yangu. Njiani nilikuwa nasikiliza. Kila mlio wa gari ulinisimamisha.

Nilipofika, kaka alikuwa amekaa ndani ya gari, kofia ngumu kichwani, mkanda umefungwa. Dada yake alikuwa ameinama dirishani anampa maneno ya mwisho. Nikaenda nikasimama mbele ya gari, nikaweka mikono juu ya boneti.

"Shikamoo bibi," dada akasema kwa mshangao. "Umekuja kutubariki?"

"Marahaba. Zimeni gari."

Kaka akavua kofia. "Mke wangu, kuna msiba?"

"Bado," nikasema. "Zima gari."

Akazima. Mafundi wakasogea. Ningependa kuwa peke yangu nao wawili, lakini haikuwezekana, nikasema mbele ya wote.

"Ile barabara mliyopima, niliifagia."

Dada hakuelewa. "Uliifagia vipi?"

"Kwa ufagio. Asubuhi kabla hamjafika. Nilitoa vumbi lote nikatia mtaroni, nikanyunyiza maji. Nilikuwa nawaandalia. Mlipima sakafu yangu. Jana nimekanyaga kwenye kona, kuna vumbi kiganja kizima, na kisigino hakikai."

Fundi mmoja akaanza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Dada alisimama amenitazama, na uso wake ukabadilika rangi. Nilidhani ni hasira juu yangu. Akakaa chini kwenye nyasi, akashika kichwa.

"Niliona mistari ya ufagio," akasema. "Bibi, niliiona. Nikafikiri, bibi anapenda usafi. Ipo hata kwenye picha."

Kaka akashuka garini. Hakusema utani. Alizunguka gari akagusa tairi la mbele kwa mguu, kisha akaniuliza taratibu, "Umetembea kutoka nyumbani?"

"Nimetembea."

"Wewe ndala zako zenyewe kipara."

"Ndiyo maana nimekuja polepole," nikamwambia. "Na wewe ufanye hivyo."

Siku ile ile tulipima upya. Safari hii tulikwenda kwenye kona, mafundi wawili wakasimama na matawi kusimamisha malori, na hakuna aliyegusa vumbi. Punda alikokota. Nilitazama mizani kabla ya mtu yeyote kusema. Hamsini. Tukarudia pembeni, karibu na korongo, kule vumbi lilikorundikana. Arobaini na nane. Pale tairi za malori zilipochimba njia mbili na kuondoa vumbi, mizani ilipanda tena kwenye sitini na kitu.

Mjukuu wangu aliandika zote, kila mahali na namba yake. Akaniambia alikosea kutumia namba moja kwa barabara nzima, kana kwamba udongo ni mtu mmoja. Jioni kompyuta ilisema kona ile ipitwe kwa sitini na nane, gari likae kwenye njia za malori, lisiguse pembeni. Niliuliza kama tofauti ya themanini na sitini na nane ni kubwa kiasi gani. Aliiacha namba ya vumbi, akarudisha themanini, akakiacha kidoa chekundu kikimbie. Kilifika kwenye kona kikaacha mstari mweupe, kikaendelea mbele kwenye weusi mpaka ukingo wa kompyuta. Mimi na yeye tulikitazama. Kisha akafunga.

Siku ya mashindano sikwenda uwanjani kwenye watu. Nilibeba kigoda nikakaa juu ya ukingo, ng'ambo ya kona, mahali gari haliwezi kufika. Jirani yangu wa ndoo akaja kukaa nami. Hakunitania. Magari yalipita moja moja, kila moja na wingu lake, na wingu likikaa muda mrefu hewani kabla ya kushuka. Nilikuwa najua mlio wa lile la kwetu kwa sababu lilikuwa linakohoa kidogo. Nikalisikia likipita mbele ya geti langu likiwa limepandisha sauti yote. Kisha sauti ikashuka, mapema kuliko ya wengine, na watu waliosimama upande wa pili wakazomea, wakisema huyu anaogopa. Likaingia kwenye kona. Nyuma ya gari ilisogea kuelekea korongo, ikasogea tena, vumbi likafunika, na kwa muda sikuona chochote. Jirani akanishika mkono. Halafu sauti ikapanda upya, mbele, baada ya kona, ikikohoa.

Hawakushinda. Walitoka wa nne. Kaka alikasirika siku mbili, kisha akaacha.

Watu walipokwisha kuondoka niliteremka kwenye kona. Alama za tairi zake nilizitambua kwa kashata, ile michongo ya mpira wa tairi, maana nilikuwa nimezitazama siku nyingi nyuma ya punda. Za mbele zilikuwa kwenye njia ya malori kama alivyoambiwa. Ya nyuma upande wa korongo ilikuwa imetoka, ikachora upinde kwenye vumbi. Nikavua ndala nikapima kwa mguu wangu kutoka upinde ule hadi ukingo. Ilikuwa nyayo mbili, na ya tatu kisigino kilikanyaga ardhi, vidole vikabaki hewani.

Nilisimama pale. Nikamtaja yule rafiki wa mume wangu kwa jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, kwa sauti, kama tunavyowataja watu wanaostahili kusikia. Nikamtaja na mume wangu. Kisha nikavaa ndala nikapanda nyumbani. Ufagio ulikuwa umeegemea geti. Nilifagia uwanja hadi getini, nikaishia hapo.